Bahasha za ndege za visiwani: geuza uone mgongoni

Wanaoanza kukusanya stempu hapa Dodoma huniuliza wanunue bahasha gani za visiwa vya mbali, zile za barua zinazosafirishwa kwa ndege. Nawaambia picha isiwazuzue, wasome mihuri kwanza. Bahasha ya kumbukumbu inaweza kuchorwa ndege ya kuvutia na isiwe imetoka hata nje ya posta. Geuza: kuna muhuri wa posta iliyoipokea? Tarehe yake inalingana na ule uliopigwa juu ya stempu?

Historia ya kisiwa lazima uijue. St Helena, kisiwa cha Uingereza kusini mwa Atlantiki, ilipata ndege ya abiria yenye ratiba tarehe 14 Oktoba 2017, kutoka Johannesburg kupitia Windhoek. Kabla ya hapo barua ya kule, hata ikiandikwa "kwa ndege", ilianza safari kwa meli. Tristan da Cunha, kisiwa kingine cha Uingereza katika bahari hiyo, haina uwanja wa ndege mpaka leo. Barua zake hupita baharini hadi Cape Town. Volkano ilipolipuka mwaka 1961, wakazi wote walihamishiwa Uingereza, wengi wakarudi 1963. Kwa hiyo ukiuziwa bahasha yenye muhuri wa kisiwa hicho wa katikati ya 1962, uliza nani aliupiga. Stempu za mwaka wa kurejea zilikuwa za St Helena zilizoongezewa chapa ya kurudi kwa wakazi, na mimi nazipenda kuliko toleo lolote la rangirangi.

Ila usipuuze za nyumbani. Shirika la ndege la Uingereza, Imperial Airways, lilipofungua njia ya barua kutoka London hadi Cape Town Januari 1932, Dodoma ilikuwa kituo, kati ya Moshi na Mbeya. Ninayo bahasha moja ya njia hiyo: karatasi imegeuka manjano, muhuri umefifia upande wa kulia, lakini jina Dodoma linasomeka vizuri. Anayeanza na njia hii atajifunza kusoma mihuri kwa majina anayoyafahamu, kisha visiwa vitamwia rahisi.

Usibandue stempu wala kukata kona; ushahidi wa safari uko kwenye bahasha nzima. Epuka mifuko ya plastiki laini ya PVC, huharibu karatasi na stempu. Kwa vumbi letu la kiangazi, tumia boksi lenye mfuniko unaobana, mbali na dirisha. Maelezo yako yaandike kwenye kadi ya pembeni. Na ukinunua mtandaoni, dai picha ya pande zote mbili kabla hujatuma hela.