"Crowd out" si kufukuza mtu

Kuna mtu kauliza kama hii "crowd out" anayoikuta kwenye habari za uchumi ni sawa na "chase away". Hapana bwana. Mimi nimefanya kazi ya mikopo benki hapa Kampala, na kila bajeti ikisomwa mwezi wa sita hilo neno tulikuwa tunalisikia mpaka basi.

Kwenye crowd out hakuna anayekufukuza. Kuna kitu kinajaa mpaka wewe unakosa nafasi, kama taksi, yaani daladala, pale stendi ya Old Park, konda hana ugomvi na wewe ila viti vimeisha. Sasa serikali inakopa kwetu mabenki kwa kuuza hati za hazina za siku 91, 182 na 364, pia bondi za miaka mingi, mnada unaendeshwa na Benki Kuu, na mwaka 2024 ile ya siku 364 ilikuwa inalipa zaidi ya asilimia 10. Haya, anakuja mama wa soko la Owino na daftari lake la mauzo anataka mkopo, itabidi niende nikaone biashara, nikague kiwanja anachoweka rehani, akichelewa kulipa nianze kupiga simu kila asubuhi. Serikali haina hayo mambo, tena kwenye hesabu za mtaji wa benki deni lake la shilingi linachukuliwa kama halina hatari. Wewe ungempa nani? Hela inaenda serikalini, mama anaambiwa riba imepanda ama asubiri, na hakuna popote palipoandikwa asikopeshwe. Hapo ndo wanasema "government borrowing is crowding out small businesses".

Kwenye sentensi, kinachojaa kinatangulia, aliyekosa anafuata. Ukigeuza: "small businesses are being crowded out". KCCA, yaani mamlaka ya jiji la Kampala, ikitoa wachuuzi barabarani hiyo ni "evict", pale kuna amri na askari. Gugu maji likitanda Ziwa Victoria na kuinyima mimea mingine mwanga, hiyo crowd out kabisa. Lakini mputa, yaani sangara, kumaliza nkejje, wale samaki wadogo wa ziwa, wa aina nyingi ni "wipe out", nkejje kaliwa jamani, hajakosa nafasi.

Ipo na "crowd in", wanasiasa wanaipenda sana hiyo, yaani serikali inajenga bwawa kama Karuma, umeme unapatikana, wenye viwanda wanakuja na hela zao. Halafu ukitumia "them" iweke katikati, "crowd them out", usiandike "crowd out them".