Timu ya afya ya mkoa haishiki mgonjwa, sasa inamsaidiaje daktari bingwa?

Mkuu umeuliza kwamba hawa watu wa mkoani kwa RMO (mganga mkuu wa mkoa) hawatibu mtu, kazi yao semina na kuzunguka na magari ya serikali, sasa huduma za dharura na za kibingwa wanazisaidiaje wakati bingwa yuko hospitali ya rufaa? Ngoja nikujibu kwa kirefu maana hii kazi nimeifanya. Nilikuwa mkunga wodi ya wazazi hospitali ya wilaya, baadae nikaingia timu ya mkoa upande wa afya ya uzazi na mtoto, Kanda ya Ziwa huko, kwa hiyo nimeona pande zote mbili.

Chukua mama mwenye kifafa cha mimba aliyeko zahanati. Bingwa wa wanawake yupo mkoani, thieta ipo, ICU ipo. Lakini kule zahanati mashine ya presha imekufa betri na hakuna aliyeandika kwenye ripoti, magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, imeisha, au ipo ila muuguzi ni mgeni anaogopa kumchoma dozi ya kwanza kabla ya kumpa rufaa, gari la wagonjwa limeenda na mgonjwa mwingine. Huyo mama akifika mkoani ameshadegedega mara kadhaa njiani, hapo bingwa afanye nini? Hayo yote niliyotaja ndo kazi yetu, na ukitupita mkoani tuko ofisini na makaratasi utadhani hatufanyi kitu.

Kabla ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wazazi na vichanga, tulikuwa tunateseka sana. Ule mfumo ulianzia Sengerema na Shinyanga, ukazinduliwa kitaifa Aprili 2022, na siku hizi mhudumu akiwa na mama au kichanga mwenye dharura anapiga 115 bure, simu inapokelewa mkoani, anaulizwa maswali ya hali ya mgonjwa, inatafutwa ambulensi, ikikosekana anaitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa na analipwa kwenye simu akishamfikisha mgonjwa. Na hospitali inayompokea inapewa taarifa mapema. Watu wanasifia usafiri tu ila mi nakwambia hiyo taarifa ya mapema ni nusu ya tiba, maana mama anayevuja damu akikuta damu imeshatafutwa na mtoa usingizi ameshaitwa kutoka nyumbani, ni tofauti kabisa na yule anayeshushwa getini ndo watu waanze kuulizana. Sasa madereva wa kuaminika nani anawatafuta, nani anafuatilia dereva aliyekataa safari ya saa nane usiku? Ni waratibu wa mkoa na wa halmashauri haohao.

Lakini kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu kibaki, ningebakiza kikao cha vifo. Kila mama anayefariki kwa uzazi lazima taarifa itoke ndani ya saa 24, halafu faili lake linafunguliwa mezani, ukurasa kwa ukurasa, mtu wa zahanati yupo, wa kituo cha afya yupo, bingwa yupo. Hatukai pale kutafuta mchawi, tunatafuta alichelewa wapi. Kuna kipindi tuliona mama wanaofariki kwa kutoka damu wanatokea upande uleule, na kituo chao cha afya kina thieta nzuri kabisa na daktari anajua kupasua. Kumbe friji la damu lilikuwa bovu muda mrefu, na mtoa usingizi alikuwa mmoja, akienda likizo thieta inafungwa na kila mtu anasukumwa rufaa. Bingwa wa mkoani asingeweza kuliona hilo akiwa wodini kwake, yeye anaona mgonjwa mmojammoja anakuja amechoka. Tulipambana friji likapatikana, akahamishiwa mtoa usingizi wa pili, na rufaa za upande ule zikapungua, bingwa akabaki na wale wanaomhitaji kweli.

Damu nayo ina hesabu zake. Wachangiaji wetu wakubwa ni wanafunzi wa sekondari, shule zikifungwa benki inakauka, na watoto wenye malaria kali wanaohitaji kuongezewa damu hawasubiri shule zifunguliwe. Kwa hiyo kampeni inabidi ifanyike kabla ya likizo, mnakubaliana mapema na Damu Salama kanda ya Mwanza, wale wa serikali wanaokusanya damu.

Kuna jambo watu hawalijui, mwishoni mwa 2017 iliagizwa hospitali za rufaa za mikoa zihamie Wizara ya Afya, huku zahanati, vituo na hospitali za wilaya zikibaki TAMISEMI, yaani tawala za mikoa na serikali za mitaa. Mgonjwa yeye ni mmoja ila anapita kwenye mabosi wawili. RMO na timu yake ndo wanaokutanisha hizo pande mbili, na bila hivo fomu ya rufaa inapanda tu, majibu hayashuki, muuguzi aliyempa rufaa hajui kama mgonjwa wake alipona wala alikosea wapi.

Hata kambi za madaktari bingwa wa Mama Samia zilizoanza 2024, bingwa anakaa siku chache anaondoka. Kuhakikisha wagonjwa wamechujwa kabla, vifaa vya upasuaji vipo, na aliyepasuliwa ana wa kumtoa nyuzi, hayo yanabaki kwa timu.

Na kumbuka Marburg Kagera, Machi 2023, ule ugonjwa wa virusi unaoambukiza na kuua haraka. Waliougua walikuwa 9, wakafariki 6, na wahudumu wa afya walikuwamo. Waliokuwa wanafuatilia waliokutana na wagonjwa nyumba kwa nyumba walikuwa wanazilinda wodi, maana ugonjwa kama ule ukiingia hospitali, hata mwenye uchungu wa kujifungua anaogopa kuja.

Kwa hiyo mkuu ukitaka kuipima timu ya mkoa wako achana na magari. Uliza kama usiku 115 inapokelewa na dereva analipwa kweli, uliza kikao cha mwisho cha vifo kiliazimia nini na nani alipewa atekeleze. Wakibabaika hapo, wabane.