Kiangazi hiki usome nini? Nilichojifunza nikilinda zabibu Mpunguzi

Mkuu, umesema likizo hii ya Juni mtakuwa hapahapa Dodoma, wewe na binti yako wa kidato cha pili, na kwamba kila kitabu unachoanza unakiacha njiani. Ngoja nikupe yaliyonikuta.

Nilipomaliza kidato cha sita, nikisubiri chuo, baba mdogo alinipeleka Mpunguzi nikamlindie zabibu. Mwezi wa nane, zabibu zinaiva, na ndege nao wameshapata habari. Unakaa chini ya mti na debe lako na fimbo, upepo unakujaza vumbi mpaka kwenye meno. Nilibeba Nagona ya Kezilahabi kwa sababu ni kijitabu chembamba, nikajua siku mbili kimekwisha. Wapi! Nasoma nusu ukurasa, ndege wanatua, nainuka nagonga debe, nikirudi sijui nani alikuwa anasema nini. Wiki nzima niko palepale. Kile si kitabu cha kusoma huku unafukuza ndege. Nimekuja kukielewa ukubwani, tena nusunusu.

Basi jirani wa shamba akaniazima Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kitabu cha mwaka 1960. Mtu kauawa, Bwana Msa na kiko chake anaanza kuulizauliza watu taratibu. Siku hiyo ndege walikula wakashiba, nakiri. Kasoro ikawa moja: kurasa za mwisho hazipo. Nikamfuata mwenye kitabu, akaniambia bila hata aibu kwamba nyumbani kwake walizifungia karanga. Nilikaa zaidi ya mwaka simjui muuaji, hadi nilipokikuta kizima maktaba ya chuo.

Kwa hiyo binti aanze na hicho. Ukikinunua cha mtumba, pale pale chini kwenye turubai, funua mwisho uone kurasa zipo. Uone tu, usisome.

Akikimaliza mpe Vuta N'kuvute cha Adam Shafi. Binti wa Kihindi kaozwa mzee, Zanzibar ya mkoloni. Hutamsikia binti yako akiomba simu. Rosa Mistika ya 1971 kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na wazazi wengine bado wanakiogopa. Mimi ningempa, ila nikisome kwanza, maana maswali yatakuja na hayatakuwa mepesi.

Wewe mwenyewe, kama kweli una mwezi mzima, chukua Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, kwa Kiswahili kikatoka 1980, yeye akafariki 1981. Ni kirefu, na hakina haraka yoyote: pombe ya ndizi inatengenezwa mbele yako hatua kwa hatua. Mwanzoni nilichoka. Nilipoacha kukikimbiza ndipo kikaanza kuwa kitamu.

Cha mwisho ni cha nyumbani. Mathias Mnyampala, yule wa ngonjera, alikuwa Mgogo wa hapa Dodoma, na mwaka 1954 alitoa Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Kukipata ni kazi, uliza maktaba na kwa wazee. Mimi nilimsomea bibi jioni, yeye anachambua mlenda. Nikafika kwenye mila, akainua mkono: "Hebu rudia hapo." Nikarudia. "Huyo kaandika ya kwao. Kwetu haikuwa hivyo." Akaeleza ya kwao mpaka mlenda ukasahaulika jikoni, na mimi ukurasa ule sikuuvuka usiku huo. Kesho yake asubuhi, kabla hata ya chai, ananiuliza: "Kile kitabu chako kiko wapi? Kuna kitu sikukimalizia."