Nalima mwani na moyo wangu mtupu: kutaka kazi nyengine ni kukufuru neema?

SUALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi kijiji cha pwani, Kaskazini Pemba. Tangu nitoke skuli nalima mwani. Kila bamvua, maji yanapokupwa sana, nimo majini, mgongo umeinama, nafunga mbegu kwenye kamba, navuna, naanika, nauza kwa bei nisiyoipanga mimi. Naswali na nafunga, alhamdulillah, lakini siku hizi najiuliza: maisha yangu ndiyo haya? Wenzangu niliosoma nao ni walimu na wauguzi. Natamani kujifunza cherehani, ila naogopa nitakuwa namkufuru Mola kwa riziki aliyonipa. Kazi hii ina thamani yoyote mbele Yake? Na nikiswali adhuhuri na nguo zilizoroa maji ya bahari na utelezi wa mwani, swala yasihi?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Dada yangu, nianze na hilo la kukufuru, maana naona ndilo linalokukaba. Sayyidna Umar, Mungu amridhie, alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh akaambiwa tauni imeingia huko, akaamua kurudi na watu wake. Sahaba Abu Ubayda akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akajibu: naam, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia bondeni, upande mmoja una majani, wa pili mkavu. Kokote atakakowalisha, ni kwa kadari Yake. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Basi mwani ni riziki Yake na cherehani ni riziki Yake. Kukufuru neema ni kuitumia katika maasi au kumsahau aliyeitoa. Kujifunza ufundi si katika hayo. Hawa wanaowaambia wanawake wa pwani "subirini tu" kwa kila jambo, neno wanalolitumia ni la haki, lakini pahala pake ni kwenye lisilo na njia. Wewe njia unaiona.

Ama thamani ya kazi uliyonayo, Mtume ﷺ aliwaambia wakeze kwamba wa mwanzo kumfuata baada ya kufa kwake ni mwenye mkono mrefu kuliko wote. Wakawa wanapimana mikono! Aliyetangulia akawa Zaynab bint Jahsh, mwaka wa 20 Hijria, na Bibi Aisha akaeleza maana ya mkono mrefu: alikuwa akifanya kazi kwa mkono wake na akitoa sadaka. Huyu ni mke wa Mtume, na kazi ya mikono ndiyo iliyomtanguliza.

Tena sikiliza jambo ambalo wengi wenu hamwambiwi. Matumizi ya nyumba ni juu ya mume. Chumo lako ni lako. Kwa hivyo daftari ulilomnunulia mtoto, unga, sabuni, ukivitoa kwa ridhaa yako ni sadaka. Mke wa Abdullah bin Masoud aliuliza kuhusu kumpa mumewe na mayatima aliowalea, akajibiwa kuwa ana ujira mara mbili, wa ujamaa na wa sadaka.

Na wale samaki tafi wanaokuja kukukatia mbegu? Mtume ﷺ amesema Muislamu hapandi mti wala halimi shamba, akala humo ndege, mtu au mnyama, ila huwa kwake ni sadaka. Natarajia kamba zako zimo. Mwani wako hukamuliwa karagini inayotiwa kwenye dawa za meno na vyakula, ukawafaa watu usiowajua.

Lakini lipo sharti. Mtume ﷺ alipita sokoni, akatia mkono kwenye lundo la nafaka, vidole vikakuta umaji chini. Akasema: mwenye kutughushi si katika sisi. Anayeuchanganya mwani na mchanga, au kuupeleka haujakauka ili uzito uzidi, hadithi hii inamhusu. Na mnunuzi anayechezea mizani ana onyo la Suratul Mutaffifiin, sura ya wanaopunja vipimo, linalomsubiri.

Kuhusu utupu wa moyo, sikulazimishi uipende kazi yako. Dini haikutaka hilo. Kazi ni ya kutafutia halali. Tuliumbwa kwa ibada ya Mola wetu, na Qurani inasema nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Yeye. Naujua uuguzi na ualimu una heshima, lakini mwenye kazi hizo naye aweza kurudi nyumbani na moyo uleule. Ukiwa majini, mikono ikifunga mbegu, ulimi uko huru: tasbihi, istighfari, swala ya Mtume. Hakuhitaji udhu. Bibi Aisha amesema Mtume ﷺ alikuwa akimtaja Mwenyezi Mungu katika nyakati zake zote. Na siku ambazo si za bamvua, nenda kwa fundi ukajifunze, mume umshauri kwa uzuri. Huzuni ikizidi hata usile wala usilale, muone daktari pia. Kutafuta dawa ni katika mafundisho ya Mtume wetu.

Nguo zako hazina neno. Mtume ﷺ aliulizwa kuhusu bahari akasema maji yake ni tohara na maiti wake ni halali. Utelezi wa mwani nao si najisi, na udhu wa maji ya chumvi wasihi. Ila nguo iliyoroa hushika mwili, basi weka leso kavu kwenye kikapu ujitande juu yake unaposwali.

Wallahu aalam.