Maswali yenu: Mbona ndeke inapotea kwenye ramani ya simu?

Swali: Mke wangu alipanda ndeke Kinshasa kuja Lubumbashi, nikaifuata kwenye simu. Ilipofika juu ya Kasai ikaganda, ikaja kuonekana tena karibu na uwanja wa Luano, hapa Lubumbashi. Si wanasema satelaiti inaona kila kitu? (Msomaji wa Kamalondo, Lubumbashi)

Jibu: Satelaiti za GPS haziioni ndege hata kidogo, kaka. Zinatuma mawimbi ya saa; ndege yenyewe ndiyo inapiga hesabu ya ilipo, kisha inajitangaza kwa redio ya megahezi 1090, kama mara mbili kwa sekunde: namba yake, mahali, kimo, mwendo. Mfumo huo wa kujitangaza ndio unaitwa ADS-B. Programu za simu hutegemea zaidi vipokezi vya ardhini, vingi ni vya watu binafsi wenye antena juu ya paa, na mawimbi hayo huenda mstari mnyoofu. Ndege iliyo mita 11,000 husikika hadi kilomita 430 hivi. Ikishuka mita 1,000 ni kilomita 130, tena kama hakuna kilima. Safari yenu inapita kilomita 1,500. Pasipo kipokezi, programu huganda au hukisia. Gusa alama ya ndege, angalia chanzo cha data: kikisema ni makadirio, mstari huo umechorwa na kompyuta tu.

Vipokezi vya angani vipo. Tangu 2019 kampuni ya Aireon husikiliza kupitia satelaiti 66 za mawasiliano za kampuni ya Iridium, kimo cha kilomita 780, na pori haliwazuii. Ila data hiyo inauzwa, hasa kwa waongozaji ndege. Kwenye programu ya bure usiitegemee.

Swali: Basi rada ya nini tena? (Bukavu)

Jibu: Ya kumkagua msemaji. ADS-B hupokea lolote ndege inalosema, na GPS ikidanganywa, ndege hutangaza uongo bila kujua. Ripoti za Umoja wa Mataifa za 2024 zilitaja uvurugaji wa GPS Kivu ya Kaskazini. Kwenye skrini utaona ndege ikiruka kilomita 50 ghafla, au ikizunguka duara huku rubani anaenda moja kwa moja.

Rada inayouliza transponda, yaani chombo cha redio ndani ya ndege kinachojibu rada, hupima umbali yenyewe kwa muda wa jibu, haihitaji GPS. Transponda ikizimwa, imekwisha. Rada ya msingi haimuulizi mtu: inanasa mwangwi wa bati la ndege. Ndiyo maana MH370, ndege ya Malaysia Airlines iliyopotea, ilipoacha kujibu tarehe 8 Machi 2014, rada ya kijeshi ya Malaysia bado iliiona ikigeuka magharibi. Lakini rada hiyo haijui jina la ndege, mvua kubwa huichafua, na ya uwanjani huishia kama kilomita 110.

Kwa anga la misitu yetu, tungechagua vipokezi vya satelaiti bila kusita. Karibu na viwanja vya Kivu, tungetaka na rada. Mwongozaji asipokuwa na kimoja wala kingine, nafasi ya kilomita 9 kati ya ndege mbili zinazofuatana inageuka dakika 10 au 15, naye anabaki kuwauliza marubani kwa redio.