Hita ya gesi bafuni

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa Mafinga tuna hita ya maji ya jua juu ya paa. Kwa kuwa asubuhi za Juni na Julai maji hutoka vuguvugu tu, fundi ametufungia hita ya gesi ya kuongezea moto, akaiweka bafuni. Mke wangu huumwa kichwa kila akioga. Je, ni mvuke?

JIBU: Ndugu msomaji, usidhani ni mvuke, izimeni hita hiyo leo na msiiwashe tena ikiwa mahali hapo. Gesi inapowaka katika chumba kilichofungwa, ambacho kwa baridi ya huko hata dirisha huzibwa kwa tambara, hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huanza kwa kuumiza kichwa na kuleta kizunguzungu, kisha huweza kuua. Mkeo aende hospitali akaeleze hayo. Fundi mwenye ujuzi wa gesi aihamishie hita ukutani nje, na mtungi ukae wima nje pia, kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni. Akishaunganisha, apake povu la sabuni kwenye maungio: viputo vikivimba, panavuja. Mwali uwe wa buluu. Ukiwa wa njano, mwiteni tena.

Siku ya jua kali maji ya tangi la hita ya jua huweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, nayo huunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache, hivyo mwombeni fundi pia aweke valvu ya kuchanganyia maji baridi.