Huna boti na unataka kushindana kuvua? Anzia ukingoni

Kila nikipita kijiweni na fimbo begani nasikia lile lile: "Kaka, hayo mashindano yako unaingiaje wakati boti huna?" Vijana wameona video za Wamarekani, maboti yanang'aa, injini kubwa kuliko ya Noah, wakakata tamaa kabla hawajanunua hata ndoana. Mimi huu ni mwaka wa sita navua kwa mshipi, nimeshindana mara kadhaa, na mtumbwi wenye tundu sijawahi kuumiliki.

Samaki anayeshindaniwa anaitwa besi, na simaanishi ile sauti ya mwisho ya kwaya. Ni samaki wa Amerika Kaskazini, ana mdomo mpana kama mfuko, ni mlafi na ana hasira. Kwa jirani zetu yuko Ziwa Naivasha, Kenya, ambako wakoloni walimpandikiza miaka ya 1920 ili wapate mchezo wa kuvua. Mimi shule yangu ilikuwa bwawa la Nyumba ya Mungu, upande wa Lang'ata, kwa perege na kambare, kwa sababu nauli ya kutoka Moshi naimudu.

Huko nilipoteza karibu mwaka mzima kwa ujinga mmoja. Nilikuwa narusha mshipi kwa nguvu zote kuelekea katikati ya bwawa, nikiamini samaki wakubwa wako mbali. Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu pembeni akanitazama weee, mwisho akasema: "Mwanangu, wenye mitumbwi wanatupa huku ulipo wewe, na wewe unatupa kule walipo wao. Nani kati yenu ana akili?"

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Samaki wengi wanaowinda wenzao, besi akiwamo, hupenda ukingo: kwenye mafunjo, magogo yaliyozama, vivuli, mahali vidagaa vinapojificha. Mwenye boti anatumia mafuta kufika pale ambapo wewe umeshasimama. Kwa hiyo simama kwa kunyata, usipige kishindo, usijianike juani kivuli chako kikaanguka majini. Kisha rusha sambamba na ukingo, chambo kipite kandokando ya majani mwendo mrefu. Alfajiri na jioni ndiyo saa zake. Na kabla ya yote kagua maji: Nyumba ya Mungu kuna mamba, Naivasha kuna viboko. Usiingize miguu majini ili kupata picha nzuri.

Vifaa visikuumize kichwa. Fimbo yangu ya kwanza niliiokota soko la Memorial katikati ya mitumba, muuzaji mwenyewe hakujua ni ya nini. Tafuta rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, inayozunguka bila kukwaruza, mshipi wa kubeba kilo 5 au 6, na minyoo ya mpira. Chubwi yenye umbo la risasi inatangulia kwenye mshipi, ndoana inafuata, na ncha yake unaificha ndani ya mwili wa mnyoo ili isinase majani. Funga hivyo na utaweza kurusha katikati ya mafunjo kabisa. Pesa inayobaki weka kwenye leseni. Kamuulize afisa uvuvi wa wilaya kabla hujalowesha mshipi.

Halafu fanya mazoezi nyumbani. Niliweka beseni uani, hatua 15, nikawa nalenga kila jioni. Majirani walisema nimerogwa. Lakini shabaha ndiyo iliyonipa kiti kwenye boti za watu.

Maana siri yenyewe ni hii: kwenye mashindano mengi ya Marekani kuna nafasi ya mtu wa nyuma. Mwenye boti anakaa mbele, anaendesha, anachagua pa kwenda. Wewe unavua kutoka nyuma, na mara nyingi mnapimiwa kila mtu na wenzake wa daraja lake. Mmarekani Ray Scott alipoandaa mashindano yake ya kwanza ya kuvua besi kule Beaver Lake, Arkansas, mwaka 1967, mchezo ulianza kupata sura hii tunayoijua. Siku hizi kwa kawaida wanahesabu samaki 5 wazito zaidi, wanarudishwa majini wakiwa hai, na aliyekufa anakukata uzito.

Niliikalia nafasi hiyo Naivasha, kwa mzee mmoja aliyenipokea kwa sharti moja: "Kijana, tupa kokote, ila siyo mbele ya pua yangu." Saa ya kwanza tu nikamnasa kofia. Hakunitupa majini, lakini chai yake sikupewa. Kwa hiyo fika kabla ya mwenyeji, changia mafuta bila kuombwa, beba vitu vichache, shika wavu wake anaponasa. Yeye anavua ukingo wa mbele, wewe vua sehemu alizozipita, taratibu zaidi, chambo kikiburuzika chini. Naivasha kuna kamba wekundu wa Louisiana, walipandikizwa mwaka 1970, na besi anapenda kuwala. Mnyoo wangu wa rangi ya kahawia nyekundu, nikiuvuta kwa vituo kama kamba anayerudi kinyumenyume, ulinipa samaki 3. Mzee alipata 2. Chai ilikuja.

Kama safari ya Naivasha iko mbali na mfuko wako, shindaneni wenyewe kwa wenyewe. Washindani wa kayaki, vile vimtumbwi vya kasia, huko nje hawabebi samaki kwenda kwenye mizani: wanamlaza juu ya ubao wenye vipimo, wanapiga picha, wanamwachia. Sisi tumegandisha futi ya fundi cherehani kwenye ubao wa mninga, kila mmoja anaweka elfu 5, picha zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp, na jumla ya sentimita za samaki 3 ndiyo inayoamua. Anayepiga picha bila pua ya samaki kugusa mwanzo wa ubao, picha yake haihesabiwi. Lowesha mikono kabla ya kumshika. Kambare muogope kwa ile miiba ya mapezi ya ubavuni; mimi kidole kilivimba siku 3.

Jumamosi tunaondoka Moshi saa 11 alfajiri kwenda Lang'ata. Fimbo ya ziada ninayo moja. Minyoo kila mtu aje na yake.